Majina Yasiyoandikwa: Kumbukumbu za Misheni ya Leipzig katika Maktaba za Vyuo Vikuu

Wamisionari wa kwanza wa Misheni ya Leipzig walifika Machame mwaka 1893, miongoni mwao Emil Müller, Gerhard Althaus na Robert Faßmann. Walikuja na Biblia, dawa, misumari na mbegu. Walikuja pia na desturi moja ambayo wenyeji wa mlimani hawakuitilia maanani wakati ule, nayo ni kuandika. Kila kituo cha misheni kilitakiwa kupeleka taarifa Ujerumani. Kila safari, kila mkutano na Mangi, kila ubatizo na kila ugomvi wa mpaka wa shamba uliandikwa, ukatiwa katika bahasha, ukashushwa pwani na kupakiwa melini. Baadaye zikafuata picha. Mamba mwaka 1894, Moshi ya zamani mwaka 1896, Shigatini kule Upare mwaka 1900, Nkoaranga katika Meru mwaka 1902, Arusha mwaka 1904: popote kituo kilipofunguliwa, karatasi na picha zilitoka mlimani kwenda Leipzig, wala hazikurudi.

Hivyo sharika nyingi za Kaskazini zinazoadhimisha miaka yao mia zina hali moja ya ajabu. Babu na bibi waliojenga kanisa la kwanza la nyasi na udongo wako katika picha zilizotunzwa vizuri sana, katika nchi ambayo hawakuifikia. Wajukuu wao, wenye haki ya kwanza ya kuzitazama, kwa muda mrefu hawakujua kuwa zipo. Aliyejua hakuwa na njia. Baada ya mwaka 1945 mji wa Leipzig ulikuwa ndani ya Ujerumani Mashariki, na hali hiyo iliendelea hadi mwaka 1990. Mwanafunzi wa theolojia aliyetoka Makumira kwenda masomoni Ulaya aliweza kuzisoma nyaraka hizo kama angepata nafasi, kibali, nauli na ujuzi wa Kijerumani cha mkono wa zamani. Waliopata yote manne walikuwa wachache.

Njia ilifunguka kutoka mahali ambapo pengine hakuna mzee wa kanisa aliyepatarajia. Katika jiji la Los Angeles, Marekani, kuna Chuo Kikuu cha Southern California. Profesa mmoja wa elimu ya jamii wa chuo hicho, Jon Miller, alikuwa ameandika kitabu juu ya Misheni ya Basel, kilichotoka mwaka 1994, na alifahamu jinsi nyumba za misheni za Ulaya zilivyojaa picha ambazo wanahistoria hawakuzitumia. Kwa msaada wa fedha wa Andrew W. Mellon Foundation ulianzishwa mkusanyo unaoitwa International Mission Photography Archive. Mkusanyo huo ulikusanya nakala za picha kutoka vyama vya misheni vya Kiprotestanti na vya Kikatoliki vya nchi mbalimbali, zikiwamo Ujerumani, Uingereza, Norway, Ufaransa na Marekani yenyewe. Leipzig ilishiriki. Picha zenyewe zilibaki kwa wenyewe. Kilichokwenda Los Angeles ni nakala zilizopigwa kwa mashine, pamoja na maelezo ya kila picha, vikawekwa katika maktaba ya kidijitali ya chuo hicho ambamo mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuingia bila ada na bila kuwa mwanafunzi. Nyaraka za maandishi za Leipzig zilichukua njia nyingine. Ziliwekwa katika hifadhi ya Franckesche Stiftungen mjini Halle, ambako mtafiti huzikuta katika katalogi kabla ya kuandika barua ya kuomba kuzisoma.

Wengi hudhani kwamba kuingia katika maktaba ya namna hii ni sawa na kuingia katika chumba na kuangaza macho. Sivyo. Chumba hicho ni cha giza, na taa pekee ni neno ambalo mtafutaji analiandika katika kisanduku cha kutafutia. Kompyuta haiitazami picha na kutambua kuwa yule ni mzee fulani wa ukoo fulani. Inatazama maelezo ambayo mkutubi aliyaandika, na mkutubi aliyaandika kwa kufuata maneno ya mmisionari yaliyokuwa nyuma ya picha au chini yake katika albamu. Neno ambalo mmisionari hakuliandika na mkutubi hakuliongeza haliwezi kupatikana, hata kama kitu chenyewe kimejaa picha nzima.

Jambo hili linaonekana kwanza katika tahajia. Anayeandika jina la Machame atapata kitu, kwa kuwa watayarishaji wa maelezo waliongeza majina ya leo. Lakini Mjerumani wa mwaka 1900 aliandika Madschame. Moshi ilikuwa Moschi, Arusha ilikuwa Aruscha, Shira ilikuwa Schira, na Wachaga wote walikuwa Dschagga au Wadschagga. Nchi yenyewe haikuitwa Tanganyika bali Deutsch-Ostafrika. Mtafutaji mwenye subira hufanya kazi yake mara mbili au tatu: kwanza kwa jina la leo, kisha kwa jina la Kijerumani, kisha kwa jina la mmisionari aliyekaa mahali hapo. Njia hii ya tatu ndiyo yenye mavuno zaidi. Bruno Gutmann, aliyefanya kazi Kilimanjaro kati ya mwaka 1902 na 1938, anapatikana kwa urahisi. Wilhelm Guth anawafungulia Wapare mlango, na Leonhard Blumer anawafungulia Waarusha. Anayetafuta babu yake hulazimika kupita kwa mzungu aliyemjua babu huyo. Si njia ya heshima sana, lakini ndiyo iliyopo.

Tarehe nazo zinahitaji uangalifu. Picha nyingi hazina mwaka wake halisi. Mkutubi ameandika kipindi tu, kwa mfano kati ya mwaka 1900 na 1914, kwa kukadiria miaka ambayo mpiga picha alikuwa kituoni au miaka ambayo albamu ilitengenezwa. Si jambo la busara kuchukua mwaka wa kwanza katika kipindi hicho na kuuandika chini ya picha kana kwamba ni hakika. Kijitabu kikisema mwaka 1900 na picha inaonyesha jengo lililokamilika mwaka 1912, uongo huo huingia katika historia ya Usharika na hautoki tena, kwa kuwa atakayeandika baadaye atanakili kilichochapwa.

Sasa iko shida iliyo kubwa kuliko tahajia na tarehe. Anayepitia maelezo ya picha hizi moja baada ya nyingine huona mara kwa mara kwamba mzungu aliyemo pichani ametajwa kwa jina. Mke wake ametajwa. Mara nyingine hata mtoto wake mchanga ametajwa. Waliosimama nyuma yao, au walioketi chini mbele yao, wameandikwa kuwa wanafunzi, wasaidizi, Wakristo, wanawake wa Kichaga, kijana wa nyumbani. Yapo yasiyofuata desturi hiyo, hasa pale ambapo picha ni ya Mangi au ya mwalimu aliyejulikana huko Ujerumani kwa barua zake, na kwa hayo inafaa kushukuru. Lakini walio wengi hawana jina. Hao ndio walimu waliofundisha katekisimu katika vijiji ambavyo mmisionari alivitembelea mara chache kwa mwaka. Ndio mama waliobeba mawe ya msingi. Waliipokea Injili wakiwa na majina mawili, la nyumbani na la ubatizo, na mpiga picha hakuandika hata moja.

Neno moja lililoandikwa au lisiloandikwa linaweza kuwa na uzito gani? Watu wa Kilimanjaro wameliona hilo katika jambo zito kuliko picha. Mwezi Septemba 2023 taasisi ya Stiftung Preußischer Kulturbesitz ya Berlin ilitangaza kuwa vipimo vya vinasaba vimeunganisha mafuvu ya watu waliochukuliwa kutoka Kilimanjaro wakati wa ukoloni na ndugu zao walio hai. Fuvu moja lilikuwa limeandikwa neno Akida. Kwa neno hilo moja watafiti waliweza kulihusisha na akida wa Mangi Meli wa Moshi, na damu ya kizazi chake ikathibitisha. Fuvu lisilo na neno lolote halina njia fupi namna hiyo.

Picha za misheni hazina vinasaba. Kinachoweza kuzirudishia majina ni kumbukumbu za watu na vitabu vya ubatizo, na vyote viwili viko hapa nyumbani, haviko Los Angeles wala Halle. Kitabu cha ubatizo cha usharika wa zamani kimeandika siku, jina la mzazi, jina la asili na jina jipya, na mara nyingi kijiji. Picha inayoonyesha kundi la waliobatizwa, ikiwa kipindi chake kinajulikana na kituo chake kinajulikana, inaweza kuwekwa kando ya ukurasa wa kitabu hicho. Idadi ya watu ikilingana, wanaume kwa wanawake, mlango unaanza kufunguka. Hapo ndipo mzee anapohitajika. Mzee wa miaka tisini hawezi kumtambua kijana wa mwaka 1905, lakini anaweza kumtambua mtu huyohuyo katika picha ya mwaka 1935, kwa kuwa alimwona kanisani kila Jumapili utotoni mwake. Akishatambuliwa katika picha ya pili, paji la uso, namna ya kusimama na kovu humrudisha katika picha ya kwanza.

Kazi hiyo haifai kufanyiwa kwenye kioo cha simu. Uso uliopunguzwa kuwa na ukubwa wa punje ya hindi haumwambii mzee kitu, na kwa adabu atasema ndiyo kwa kila jina atakaloulizwa. Picha ichapwe kwenye karatasi kubwa, iwekwe mezani kwenye mwanga wa mchana, na mzee aachwe aitazame kwa muda wake. Aulizwe huyu ni nani, asiulizwe kama huyu ni fulani. Jina linalotajwa na wazee wawili walioulizwa kila mmoja peke yake lina uzito ambao jina la mmoja halina. Waliobatizwa utotoni na wamisionari wa Kijerumani kabla ya mwaka 1940, Wajerumani walipowekwa kizuizini mara ya pili, sasa wanahesabika kwa vidole katika kila usharika. Wakati wa kuwauliza si miaka kumi ijayo.

Nyuma ya karatasi hiyo iandikwe namba ya kumbukumbu ya picha, ile iliyotolewa na maktaba. Watu wengi hunakili anwani ndefu ya intaneti na kuridhika. Anwani hubadilika kila maktaba inapohamia mtambo mpya, na kiungo cha zamani hufikisha kwenye ukurasa mtupu. Namba ya kumbukumbu haibadiliki kirahisi. Kwa namba hiyo majina yaliyopatikana kijijini yanaweza kupelekwa kwa walinzi wa mkusanyo ili waongeze katika maelezo, na kwa namba hiyohiyo kibali cha kuchapa huombwa. Kutazama ni bure, lakini kuchapa katika kitabu kunataka ruhusa ya mwenye picha, ambaye kwa picha hizi ni Leipziger Missionswerk. Kuomba ruhusa ya kuchapa uso wa babu yako mwenyewe ni jambo linalochoma kidogo. Hata hivyo barua ya namna hiyo huwakumbusha wenye hifadhi kwamba waliomo pichani wana watoto.

Kwa upande wa vitabu, mambo ni mchanganyiko. Ipo hifadhi kubwa inayoitwa HathiTrust, iliyoanzishwa mwaka 2008 na vyuo vikuu vya Marekani, yenye makao Chuo Kikuu cha Michigan, ambamo mamilioni ya vitabu vya maktaba yamepigwa nakala. Humo mtu anaweza kutafuta neno ndani ya kurasa, si katika jina la kitabu tu. Faida yake kwa historia ya Kanisa ni kubwa, maana kituo kidogo ambacho hakina kitabu chake kinaweza kuwa kimetajwa katika mstari mmoja wa kitabu cha mtu mwingine. Lakini sheria za hakimiliki zimeweka ukuta mahali pasipotarajiwa. Vitabu vilivyochapwa nje ya Marekani hufunguliwa kwa wasomaji walioko Marekani baada ya miaka 95, na kwa wasomaji walioko nchi nyingine ni hadi viwe na umri wa takriban miaka 140. Kwa kanuni hiyo kitabu cha kwanza kikubwa cha Gutmann juu ya fikra na masimulizi ya Wachaga, kilichotoka Leipzig mwaka 1909 (jina lake la Kijerumani lina neno juu ya watu weusi ambalo leo halitamkiki mbele ya wageni), ni halali kusomwa chote na mwanafunzi wa Chicago. Mwanafunzi aliyeketi Moshi, mahali ambapo masimulizi hayo yalitolewa, anaonyeshwa namba za kurasa zenye neno lake na hakuna zaidi. Wenye hifadhi hawakukusudia dharau, wanajilinda na sheria za nchi nyingi kwa mara moja. Matokeo yake lakini ni kwamba aliye mbali na mlima anasoma, na aliye mlimani anabisha hodi.

Ndiyo maana inampasa mtafutaji asikate tamaa mlango mmoja unapofungwa. Kitabu kilekile kinaweza kuwa wazi katika hifadhi nyingine ya intaneti. Katalogi ya pamoja inayoitwa WorldCat, iliyotokana na kazi iliyoanzishwa Ohio mwaka 1967 na kuenea duniani, humwonyesha ni maktaba zipi zilizo na nakala ya karatasi, na maktaba hizo huombwa sura moja au mbili. Kitabu cha Gutmann juu ya sheria za Wachaga, Das Recht der Dschagga cha mwaka 1926, kina tafsiri ya Kiingereza iliyofanywa kwa ajili ya Human Relations Area Files, taasisi iliyoko New Haven karibu na Chuo Kikuu cha Yale. Tafsiri hiyo inapatikana katika hifadhidata ya taasisi hiyo, kwa vyuo vinavyolipa ada ya mwaka. Kwa Mkristo wa kawaida njia iliyo fupi ni kumtumia kijana wa Usharika anayesoma chuo kikuu. Vyuo vya Tanzania vimejiunga katika umoja wa maktaba unaojulikana kwa kifupi kama COTUL, na kwa umoja huo hujipatia majarida na hifadhidata ambazo chuo kimoja peke yake kisingeweza kuzilipia. Wanafunzi wengi humaliza miaka mitatu bila kuyafungua majarida hayo zaidi ya siku ile waliyofundishwa nywila. Mzee wa kanisa mwenye swali zuri akimkuta mwanafunzi mwenye nywila, kazi ya mwezi hufanyika kwa siku mbili.

Lipo pia jarida la misheni yenyewe, Evangelisch-Lutherisches Missionsblatt, lililowaeleza Walutheri wa Ujerumani habari za mashamba yao ya Injili. Limechapwa kwa herufi zenye pembe za Kijerumani cha kale. Herufi hizo zimezitesa sana mashine za kusomea maandishi. S ndefu ya kale inafanana na f, na mashine ikishakosea, Madschame inakuwa Madfchame. Anayetafuta tahajia sahihi huambiwa hakuna kitu. Mtu aliyezoea huandika na makosa ya mashine kwa makusudi, na mara nyingi hukuta alichonyimwa mwanzoni. Mashine za miaka ya karibuni zimejifunza kusoma herufi hizo kwa uzuri zaidi, na kwa barua za mkono ipo programu ya Transkribus, iliyokuzwa katika Chuo Kikuu cha Innsbruck, Austria, inayoweza kufundishwa mwandiko wa mtu mmoja. Tafsiri ya kompyuta kutoka Kijerumani nayo inatosha kumjulisha msomaji kama ukurasa unamhusu. Haitoshi kwa kunukuu. Kabla ya sentensi yoyote kuingia katika kitabu cha Usharika inafaa isomwe na mtu anayekijua Kijerumani.

Pamoja na hayo yote, haifai kuzipokea kumbukumbu hizi kana kwamba ni kioo cha maisha ya wazee. Wapiga picha walikuwa na wasomaji wao. Waumini wa Ujerumani waliotoa sadaka walitaka kuona matunda, kwa hiyo darasa lililopangwa kwa mistari, kanzu nyeupe za ubatizo na jengo jipya la kanisa vimepigwa picha mara nyingi. Kazi ya kila siku ya migomba, mifereji na soko la kina mama imepigwa picha kama desturi za watu, si kama maisha ya Wakristo, ingawa waliokuwa wakichimba mfereji siku ya Jumamosi ndio walioimba kanisani kesho yake. Mwaka 1900, tarehe 2 Machi, Mangi Meli alinyongwa na serikali ya Kijerumani huko Moshi ya zamani pamoja na viongozi wengine wa Wachaga, Wameru na Waarusha, watu 19 kwa jumla. Kituo cha misheni kilikuwako Moshi tangu miaka minne iliyotangulia. Msomaji anayepitia picha za vituo vya miaka hiyo, zenye utulivu na bustani za maua, asisahau kwamba waliokuja shuleni mwezi uliofuata walikuwa watoto wa nchi iliyopoteza wakuu wake kwa siku moja. Taarifa na barua za wamisionari wa wakati huo zinastahili kusomwa neno kwa neno, kwa yale waliyoyasema na kwa yale waliyoyanyamazia.

Kuna pengo jingine, na hili linazigusa sharika zinazotimiza karne katika miaka hii kuliko sharika nyingine zote. Majeshi ya Uingereza yaliingia Moshi mwezi Machi 1916. Kufikia mwaka 1920 wamisionari wa Kijerumani walikuwa wameondolewa nchini isipokuwa wachache sana, na walianza kurudi mwaka 1925. Katikati ya hapo Walutheri wa Augustana kutoka Marekani walikuja kusaidia, lakini walikuwa wachache kwa eneo kubwa. Waliokaa na sharika, waliohubiri, waliofundisha wanafunzi wa ubatizo, waliozika na kuamua magomvi ya ndoa walikuwa walimu na wazee wa hapa. Ndiyo miaka ambayo vijiji vingi vilijenga vibanda vyao vya kwanza vya ibada. Mmisionari aliyefukuzwa hakupiga picha wala hakuandika taarifa. Kwa hiyo mtafutaji akiandika miaka hiyo katika kisanduku cha kutafutia, anakuta kidogo, na anaweza kushawishika kuandika kwamba kazi ilisimama. Kazi haikusimama. Kilichosimama ni kamera. Kwa miaka hiyo inambidi kugeukia majarida ya Augustana, hasa The Lutheran Companion, na hata huko atakutana zaidi na habari za Wamarekani.

Kwa nini wenyewe hawakuandika? Waliandika. Nathaniel Mtui, mwalimu wa Kilutheri wa upande wa Marangu, alijaza daftari tisa za historia ya Wachaga na watawala wao kati ya mwaka 1913 na 1916. Wanahistoria waliomfuata, akiwamo Kathleen Stahl katika kitabu chake cha mwaka 1964, walizitegemea. Jina lake limo katika tanbihi za vitabu vinavyopatikana kwa kubonyeza mara mbili. Daftari zake zimehifadhiwa kwa filamu ndogo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na msomaji anayezitaka bado hufunga safari.

Daftari za walimu wengine hazikupata hata filamu. Baadhi ziko katika masanduku ya bati juu ya dari za nyumba za wajukuu, pamoja na kitabu cha nyimbo, risiti za kahawa na kadi za kodi. Kitabu cha ubatizo cha miaka hiyo bado kiko katika kabati la ofisi ya Usharika. Wino wake umefifia pembeni, na kurasa za mwaka 1921 hadi 1924 zimeandikwa kwa mwandiko tofauti na kurasa zinazotangulia. Ni mwandiko wa mwalimu, ulio wazi na usio na haraka, na chini ya kila orodha ametia sahihi yake.